Kulinda nia: Neno la kukariri, mfungo, daftari la jioni au mwenzi wa kuombeana?

Mwaka jana kuna majuma niliamka saa nane usiku kila siku, kama mtu aliyetegewa saa. Baba watoto kalala, watoto wamelala, Majengo, mtaa wetu hapa Moshi, kimya isipokuwa mbwa, na mimi nahesabu: ada ya mkubwa, marejesho ya mkopo, maneno aliyonirushia wifi yangu msibani. Kufika saa kumi na moja, kengele ya kanisa inapolia, nimeshagombana na watu sita kichwani na wote nimewashinda. Asubuhi naingia darasani nimechoka kama niliyetoka kulima.

Nikaomba ushauri. Mama yangu, Mlutheri wa Old Moshi tangu ubatizo, akasema kariri Neno. Shoga yangu anayesali kwa Wapentekoste akasema funga siku tatu, tena kavu. Padri wa mume wangu (yeye Mkatoliki, tulishaelewana tangu uchumba) akasema kila jioni jihoji kabla hujalala. Mwalimu mwenzangu akasikiliza yote hayo, akasema, "Dada, wewe unahitaji mtu wa kumwambia." Kila mmoja alikuwa na hakika na dawa yake. Nimezijaribu zote nne kwa nyakati tofauti, na ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya aliyekwama pale nilipokwama mimi: zote zimo kwenye Biblia, zote zina wanaozishuhudia, nianze na ipi?

Tutakavyopima

Mithali 4:23 inasema "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo", lakini haisemi kwa kifaa gani. Paulo naye anawaambia Wafilipi kwamba amani ya Mungu "itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu". Neno la Kiyunani alilotumia pale ni la kiaskari, la kikosi kinacholinda mji, na Filipi ilikuwa koloni la Warumi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mimi humfikiria mlinzi wa getini pale shuleni. Ana rungu, ana geti la kufunga, ana daftari la wageni, na ana filimbi ya kuita wenzake mambo yakimzidi. Njia hizi nne zinagawana vifaa hivyo, na ndiyo maana haifai kuuliza ipi ni bora kabla hujajua mwizi anapitia wapi.

Maswali ni manne. Kwanza, njia hii inapambana na wazo la aina gani? Evagrius wa Ponto, mtawa wa jangwani Misri aliyefariki mwaka 399, aliyapanga mawazo mabaya katika makundi manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majivuno na kiburi. Zito kuliko yote, alisema, ni ule uchovu wa roho unaokuja katikati ya mchana. Jua halisogei, siku inakuwa kama ina saa hamsini, mtawa anachungulia dirishani kuona kama saa tisa imekaribia. Saa tisa yake ndiyo hii hii yetu, kwa kuwa nao walihesabu kuanzia mapambazuko. Mwalimu yeyote mwenye kipindi cha mchana chini ya bati anamwelewa mzee huyo bila mkalimani.

Pili, muda na pesa. Tatu, mwili: usingizi, chakula, dawa. Nne, njia yenyewe huharibika vipi, maana kila moja ina namna yake ya kuchacha.

Mikesha sijaiweka. Sina neno nayo, ila mtu anayeteswa na kukosa usingizi sioni utamsaidiaje kwa kumnyima usingizi zaidi.

Neno la kukariri

Hili ndilo rungu. Tuliopita kipaimara cha KKKT, kanisa letu la Kilutheri, tulianza nalo bila kujua, tulipokaririshwa Katekisimo Ndogo ya Luther mpaka tukaiota. Unachukua aya moja, unaiandika, unaisema kwa sauti hadi ikae. Kwa sauti nimesema. Zaburi ya kwanza inaposifu mtu anayeitafakari sheria mchana na usiku, neno la Kiebrania lina maana ya kunong'ona, na Isaya 31:4 inalitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake. Kutafakari kwao kulikuwa na mdomo ndani yake.

Wazo: njia hii ina nguvu kwa hofu na kwa wazo linalozunguka kama nzi, na pia kwa ule uchovu wa saa tisa. Yesu jangwani alijibu mara tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Evagrius naye alikusanya maandiko ya kujibu kila wazo kwa jina lake. Mimi nilikata ubavu wa boksi la majani ya chai, nikaandika Isaya 26:3 kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikakibandika juu ya sinki. Mvuke na sabuni vimekilainisha pembe moja, na wino umechuruzika kwenye neno "kamilifu", lakini sasa sikihitaji kwa macho. Saa nane usiku naanza aya, nafika katikati, shemeji na wifi wanaingia, naanza upya. Mara ya tano au ya sita nashtuka kumekucha. Sikuwahi kumfukuza wifi kichwani kwa kumwamuru atoke. Alikosa tu pa kukaa.

Muda na pesa: dakika kumi, na hakuna cha kulipa. Safari ya Hiace kwenda Arusha ni kilomita zipatazo 80. Ukipata kiti cha dirishani, kati ya Boma Ng'ombe na Usa River unamaliza zaburi fupi nzima, ilimradi konda hajaweka redio juu.

Mwili: salama kwa kila mtu, mjamzito, mgonjwa wa kitandani, mzee.

Inavyoharibika: huwa kasuku, au hirizi. Kuna watu wanabandika Wafilipi 4:13 kwenye vioo vya magari kana kwamba Paulo aliandika habari za kupita mitihani, wakati aya iliyotangulia anazungumzia kushiba na kuona njaa. Tena rungu hupiga anayeonekana. Halikuambii aliingilia wapi.

Inamfaa mwenye wasiwasi, msafiri, na mwenye kazi ya mikono inayoacha kichwa wazi. Ninaye rafiki anayeuza mitumba Kiborloni. Anakariri wakati anapanga nguo baada ya kufungua belo, na wateja wameshazoea kumkuta midomo inacheza.

Mfungo

Lugha yetu imefanya jambo la ajabu hapa, kwamba kufunga chakula na kufunga geti ni neno moja. Lakini makanisa hayafungi namna moja. Kwa Wakatoliki siku za lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili, na kidogo asubuhi na jioni. Luther aliandika mwaka 1529 kwamba kufunga ni mazoezi mazuri ya nje, hakuyafanya sharti. Shoga yangu yeye ni siku tatu bila hata maji. Jirani yangu Mwislamu, aliyenikuta na kikombe cha chai siku niliyomwambia nimefunga, alicheka mpaka akashika ukuta.

Wazo: mfungo unapambana na tamaa, ya chakula, ya mwili, ya fedha, ya simu. Na unafichua hasira. Siku ya pili ya mfungo wangu wa kwanza, saa saba mchana, mtoto wa darasa la nne alidondosha kalamu nikamfokea kama aliyevunja dirisha. Njaa haikunitia hasira ile. Ilikuwamo siku zote, wali ulikuwa unaifunika.

Ila kwangu mfungo uliozaa ni wa simu, na niseme kwa nini, maana mtu wa huku atanielewa haraka. Desemba, kuanzia kama tarehe 20, wenyeji wa milimani huku Kilimanjaro wanarudi. Barabara za Marangu, Machame, Kibosho na Rombo zinajaa magari yenye vumbi la Dar. Ndugu wanaezeka upya nyumba za kihambani, wanachinja, wanapiga picha makaburi ya babu yaliyowekwa vigae. Sisi tuliobaki hapa mjini tunaitwa kusaidia kumenya ndizi. Nafungua status: gari jipya. Nafungua nyingine: gari jipya limepaki mbele ya nyumba mpya. Wivu ule nilikuwa nauita uchovu. Sasa kuanzia katikati ya Desemba hadi Mwaka Mpya upite sinunui bando la intaneti, nanunua dakika za kupiga tu. Anayenitaka atanipigia. Hakuna aliyelalamika isipokuwa admini wa kundi la ukoo.

Muda na pesa: unaokoa pesa, na Isaya 58 inasema pesa hiyo iende wapi, kwa mwenye njaa. Muda ndio mgumu. Siku ya kufunga lazima uipange, huwezi kuifanya siku ya kusimamia mtihani au ya kubeba tofali.

Mwili: hapa nakuomba usome polepole. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha, anayemeza dawa kila siku, mtu aliyewahi kuwa na shida ya kujinyima chakula, asianze mfungo wa chakula bila kuongea na daktari, na dawa asiache. Mimi nilishika siku tatu kavu. Siku ya tatu nikajikuta sakafuni nimekumbatia tumbo, na kiongozi wa kikundi kimoja cha maombi akanipigia kunitia moyo kwamba yale maumivu ni dalili ya pepo kutoka. Yalikuwa vidonda vya tumbo. Nilivitibu hospitali, kwa vidonge. Na Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, akalala chini ya mretemu, malaika hakumwambia afunge. Alimwamsha akampa mkate na maji, akaacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Safari ya siku arobaini ilikuja baadaye.

Inavyoharibika: kujionyesha, ndiyo maana Yesu alisema unawe uso na upake mafuta, na kumfanya Mungu mdaiwa, kwamba nimefunga siku saba sasa lipa. Ipo pia hatari ya nyumba ile ya Mathayo 12, iliyofagiwa na kupambwa lakini haina mtu. Geti limefungwa, ndani tupu. Kwa hiyo mfungo usio na Neno sikushauri hata kidogo.

Inamfaa mwenye afya ambaye adui yake ana ladha, kitu anachokitaka na anajua hakimfai.

Daftari la jioni

Ignatius wa Loyola, Mhispania wa karne ya 16, aliwafundisha wafuasi wake kujihoji adhuhuri na usiku. Kwa kosa moja walilotaka kuliacha aliwachorea mistari miwili kwa kila siku, wa mchana na wa jioni, watie nukta kila walipoanguka, kisha walinganishe siku na siku, juma na juma. Mtu aliyekulia dukani hahitaji kuelezwa zaidi. Marehemu baba alikuwa na duka dogo, na hakulala bila kufunga mahesabu, hata siku aliyouza chumvi tu.

Wazo: njia hii haipigi wazo. Inaliandika saa lilipofika na lilifika na nani. Maandishi yangu yalikuwa ya mkato: "Jumanne. Saa 2 usiku, meseji za mkopo. Saa 8, nimeamka." "Alhamisi. Sikushika simu. Nimelala mpaka 11." Majuma mawili ya hivyo, nikaona kitu ambacho aya wala njaa havikunionyesha. Kila usiku nilioamka saa nane ulikuwa na jioni niliyofungua meseji za wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, baada ya chakula, kitandani, taa imezimwa. Nilikuwa nakesha kumvizia mwizi saa nane, kumbe namfungulia mlango mwenyewe saa mbili.

Muda na pesa: robo saa na daftari la kurasa 48. Kazi ni kukumbuka ukiwa na usingizi.

Mwili: halina madhara, lakini akili zingine halizifai. Ignatius mwenyewe, alipokuwa Manresa mwaka 1522, alijichimba makosa yake mpaka akajaribiwa kujiua. Baadaye alipofundisha kujihoji, hatua ya kwanza aliiweka kushukuru, kisha ndipo makosa yafuate. Usiiruke. Ukishaandika na kuomba msamaha, fuata ushauri wa Luther juu ya sala ya jioni: nenda kalale mara moja, kwa moyo mchangamfu. Napenda sana kwamba mwanateolojia mkubwa namna ile alikumbuka kuwaambia watu walale.

Inavyoharibika: daftari linakuwa hukumu ya kila usiku, au linasomwa na asiyehusika. Andika kwa alama zako.

Inamfaa asiyejua tatizo lake hasa ni nini, na anayejirudia kosa lile lile huku akishangaa.

Mwenzi wa kuombeana

Filimbi. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea Afrika Mashariki. Walokole wale wazee walikuwa na msemo, kutembea nuruni: unasema dhambi yako mbele ya ndugu, kwa jina lake, bila kuipamba. Yakobo 5:16 nayo inasema tuungame dhambi sisi kwa sisi. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, walizozipa uzito wa pekee tangu miaka ya 1970, na wana kitubio. Walutheri nasi tuna jumuiya zetu za mtaa, na ungamo la binafsi mbele ya mchungaji tunalo pia. Wengi wetu hatujui tu kwamba lipo.

Wazo: aibu, na kila kinachoishi gizani. Pombe ya kificho, picha za uchafu, mikeka ya kubeti inayokula mshahara, chuki kwa mtu unayekula naye meza moja. Mawazo haya hayaogopi aya, yamekwisha kuisikia mara nyingi. Yanaogopa kusemwa. Siku nilipomwambia mwalimu mwenzangu kiasi kamili cha deni, namba kwa namba, tukiwa tumekaa kwenye benchi nyuma ya darasa la sita, alinyamaza kidogo akauliza, "Baba watoto anajua?" Hakuwa anajua. Hilo swali moja lilifanya kazi kuliko mfungo wangu wote.

Muda na pesa: saa moja kwa wiki, nauli, na chai ya kumkaribisha mwenzio.

Mwili: haina shida.

Inavyoharibika: siri. Nimewahi kusali na kikundi ambacho neno nililolisema Jumatano nililisikia saluni Jumamosi, likiwa limeongezewa chumvi. Kwa hiyo kikundi kikubwa ni cha kuombea wagonjwa na safari. Jambo zito mpe mtu mmoja: wa jinsia yako, asiyekudai wala usiyemdai, na ambaye naye anakuambia yake. Kama huna wa hivyo na wewe ni Mkatoliki, kitubio kina kitu ambacho rafiki hawezi kukuahidi kwa nguvu ile: padri haruhusiwi kutoa siri ya maungamo kwa sababu yoyote.

Inamfaa mwenye siri inayomla, na anayeishi peke yake. Haimfai sana, kwa kuanzia, anayependa kusimulia shida zake kila mahali. Huyo daftari litamnyamazisha vizuri.

Uanzie wapi

Kama unaamka usiku na mawazo yanayozunguka, shika Neno usiku huo huo, na daftari kwa majuma mawili ili ujue jioni unafungua mlango gani.

Kama ni tamaa ya kitu unachokijua, na afya yako inaruhusu, funga. Anza na mlo mmoja, au na simu, na pale penye nafasi weka andiko.

Kama umeanguka mahali pale pale mara ya kumi, daftari umeshaliandika kichwani. Tafuta mtu.

Kama umechoka mpaka huombi, usifunge. Kula, lala, mwambie mtu akuombee, na ukipata nguvu bandika aya moja tu.

Ndoa ya makanisa mawili kama yetu: msigombanie njia. Sisi aya tunakariri pamoja mezani, Biblia zetu hazitofautiani Isaya 26. Kujihoji kila mtu na lake. Kwaresma nafunga naye Jumatano ya Majivu, yeye haniulizi kwa nini nimekunywa chai.

Na kama hujalala kwa majuma kadhaa, chakula hakipiti, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au wazo la kujiua limekuja hata mara moja, njia ya kwanza ni hospitali, leo, na uende na mtu. Kwa hapa Moshi kuna Mawenzi na kuna KCMC. Arusha kuna Mount Meru. Mwenzi wa maombi hapo kazi yake ni kukusindikiza na kukaa nawe kwenye benchi mpaka uitwe.

Mimi kwa sasa nina kipande cha boksi juu ya sinki, na saa mbili kasorobo usiku simu yangu inaingia kabatini kwa baba watoto. Ufunguo anao yeye. Deni limebaki la miezi minne.